Wasomaji Wauliza: Mhafidhina aliyekuwa na haraka

Katika makala yetu kuhusu sherehe za uhuru za Desemba tulimtaja kwa mstari mmoja tu Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza kuanzia Oktoba 1959 hadi Oktoba 1961. Mstari huo umetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumezichambua, tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha, kila mmoja tumemtaja kwa mahali anapoandikia.

Shikamooni wahariri. Niko kidato cha sita. Mwalimu wetu wa historia anasema uhuru wa Tanganyika ulipangiwa 28 Desemba, siyo 9. Wenzangu wanabisha. Nani mkweli? Na huyu Macleod alihusika vipi hasa? (Songea)

Marahaba. Mwalimu wako ni mkweli, wenzako wakununulie soda. Tarehe ya kwanza kutangazwa ilikuwa 28 Desemba 1961. Iliafikiwa kwenye mkutano wa katiba uliofanyika Dar es Salaam kwa siku tatu tu, 27 hadi 29 Machi 1961. Macleod alikuja mwenyewe badala ya kuwaita akina Nyerere London, na hilo peke yake lilikuwa jambo geni. Mkutano huohuo ulipanga Serikali ya Madaraka ianze 1 Mei.

Kusogeza tarehe hakukuwa kazi ya kufuta kalenda. Tanganyika haikuwa koloni kisheria, ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo udhamini nao ulipaswa kukoma siku ileile ya uhuru. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1609 mwezi Aprili 1961, likaandika 28 Desemba. Serikali zilipokubaliana juu ya 9 Desemba, ikabidi lipitishwe azimio jingine, namba 1642, mwezi Novemba. Ndiyo maana anayesoma nyaraka hizo anakuta tarehe mbili na kudhani mmoja wa makarani alikosea. Hakuna aliyekosea.

Sasa sehemu ya Macleod. Uhuru haukutolewa kwa mkupuo. Kulikuwa na ngazi, na kila ngazi ilikuwa na jina lake. Ngazi ya kwanza ni kuwa na wajumbe wachache wa kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Ya pili ni wajumbe wa kuchaguliwa kuwa wengi kuliko maofisa wa Gavana, na kiongozi wao kupewa cheo cha Waziri Kiongozi. Ya tatu ni madaraka ya ndani, ambapo Waziri Kiongozi anakuwa Waziri Mkuu na Gavana anabakiwa na mambo ya nje na ulinzi. Ya nne ni bendera. Ngazi tatu za mwanzo zilipandwa kwa amri ya Malkia akiwa na washauri wake tu, bila sheria mpya ya Bunge la London. Ni bendera pekee iliyohitaji sheria. Hapo ndipo Waziri wa Makoloni alipokuwa na nguvu ambazo wengi hawazitambui: akiwa na Waziri Mkuu wake upande mmoja, angeweza kubadili katiba ya nchi nzima kabla wabunge hawajamaliza kunung'unika.

Macleod alipoingia ofisini Oktoba 1959, Tanganyika ilikuwa imetoka kwenye uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959, ule wa kumlazimisha kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Miezi miwili baadaye, tarehe 15 Desemba 1959, Gavana Turnbull alitangaza kwa idhini ya Macleod kwamba kura tatu imekufa, na kwamba uchaguzi ujao utaleta wajumbe wa kuchaguliwa walio wengi. Viti vikawa 71: 50 vya wazi, 11 vya Waasia, 10 vya Wazungu. Uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ikachukua 70. Kile kimoja kilikwenda Mbulu kwa Herman Sarwatt, naye pia alikuwa mwana-TANU aliyegombea kivyake. Mwanzoni mwa Septemba Nyerere akawa Waziri Kiongozi. Kutoka kifo cha kura tatu hadi bendera hata miaka miwili haikutimia.

Angalizo la mtihani: usiandike kwamba Macleod alikabidhi bendera. Tarehe 9 Oktoba 1961 alikwishahamishwa, na ofisi ilikuwa ya Reginald Maudling. Malkia aliwakilishwa na Prince Philip.

Nimesikia alikuwa mcheza karata wa kulipwa kabla ya siasa. Ni kweli au ni porojo za vijiweni? (Tanga)

Ni kweli, tena alikuwa wa kiwango cha taifa. Alizaliwa 11 Novemba 1913 Skipton, Yorkshire, mtoto wa daktari, wazazi wenye asili ya kisiwa cha Lewis huko Uskoti. Alisoma historia Cambridge, lakini alichokijua vizuri alipotoka ni bridge. Akaajiriwa De La Rue, kampuni ya uchapaji ileile iliyochapa noti za shilingi za East African Currency Board walizozitumia babu zetu. Kazi haikumkaa: usiku alikuwa mezani, asubuhi kichwa kizito, na mezani alipata zaidi ya mshahara. Wakaachana.

Aliichezea timu ya England, na alikuwa mmoja wa vijana walioasisi mfumo wa kuita uitwao Acol, jina la barabara moja ya London ilikokuwa klabu yao. Waliozoea wahedi-u-sitini wataelewa haraka. Katika bridge, kabla karata ya kwanza haijaanguka, wewe na mwenzio mnaitana kwa zamu, na kila mwito unampa mwenzio habari za mkono wako huku maadui nao wakisikia. Ubingwa uko hapo, kusema ya kutosha bila kusema yote. Mwekeni huyu mtu akilini mtakapofika kwenye barua ya Tunduma, maana karata zilikuja kumtia matatani.

Vitani alijeruhiwa paja nchini Ufaransa mwaka 1940, na baadaye ugonjwa wa uti wa mgongo ukamkaza shingo na mgongo hadi kufa kwake. Mwaka 1945 aligombea Western Isles, visiwa vya wazee wake, akawa wa mwisho. Mwaka 1950 akaingia bungeni kwa jimbo la Enfield West. Uwaziri aliupata kwa hotuba moja. Tarehe 27 Machi 1952 alimshambulia Aneurin Bevan, muasisi wa huduma ya afya ya taifa, mbele ya Churchill ambaye alikuwa anataka kuondoka ukumbini, akasikia, akarudi kukaa. Wiki sita baadaye Churchill akamfanya Waziri wa Afya, mtu ambaye hajawahi hata kuwa naibu. Mwaka 1955 akahamia Wizara ya Kazi, na ndiye aliyebaki amekaza mwaka 1958 madereva na makondakta wa mabasi ya London walipogoma kwa wiki saba.

Sielewi. Chama cha Conservative ni cha wahafidhina, watu wa kuhifadhi vilivyopo. Iweje mhafidhina ndiye avunje himaya? Alikuwa msaliti wa chama chake? (Mwanza)

Hapana, na hili ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi kwenye barua. Macleod hakuwa mwanaharakati wa uhuru wa Afrika. Mhafidhina wa aina yake huhifadhi kwa kukata kidonda mapema. Mwaka 1950 yeye, Enoch Powell, Edward Heath na wengine walianzisha kundi la One Nation ndani ya chama, wakiamini kwamba mwenye nacho asipoachia kidogo kwa hiari atanyang'anywa chote kwa nguvu. Aliichukua hesabu hiyo akaipeleka kwenye makoloni.

Na hesabu ilikuwa na sababu. Tarehe 3 Machi 1959, siku moja, mambo mawili yalitokea. Kambi ya Hola, Kenya, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai walikufa baada ya kunywa maji. Siku hiyohiyo huko Nyasaland, Malawi ya leo, ilitangazwa hali ya hatari na Dakta Banda akakamatwa. Julai tume ya Jaji Devlin ikaandika kwamba Nyasaland ni nchi inayoendeshwa kipolisi. Waziri Mkuu Macmillan alishinda uchaguzi wa Oktoba, lakini alijua Hola nyingine moja itamwangusha. Alimtafuta waziri mwenye moyo mgumu, akampata.

Macleod alipima njia mbili. Ukienda polepole, kila mwaka unahitaji askari zaidi, kambi zaidi, na kila kambi ina uwezekano wa kuwa Hola. Ukienda haraka, unaacha nchi ambazo hazijaandaliwa. Alikiri hatari ya pili, akachagua hiyo. Unaweza kumlaumu kwa mengi, na sisi tunamlaumu kwa Unguja, kama utakavyosoma hapa chini, lakini usaliti si mojawapo. Na wala uhuru hakuutoa kama zawadi: TANU, KANU na vyama vya Banda na Kaunda ndivyo vilivyoifanya njia ya polepole iwe ghali.

Babu alikuwa akisema "viti 33 vya Lancaster" kama mtu asemavyo ushindi wa ligi. Naomba mnifafanulie hesabu hiyo, tena polepole. (Nakuru)

Tukuwekee hesabu mezani, maana hata vitabu vinaichanganya.

Kabla ya mkutano, Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya walikuwa na wajumbe 14 wa kuchaguliwa, sawa kabisa na Wazungu, ambao nchini walikuwa wachache mno. Mkutano wa Lancaster House, London, ulifunguliwa 18 Januari 1960 na kufungwa 21 Februari. Matokeo yake: viti 53 vya kupigiwa kura katika daftari moja la watu wote. Kati ya hivyo, 33 vilikuwa vya wazi, yaani kwa hali ya Kenya vingekwenda kwa Waafrika. 20 vilitengwa, 10 kwa Wazungu, 8 kwa Waasia, 2 kwa Waarabu. Halafu hao 53 wangechagua wengine 12, jumla 65. Piga hesabu: 33 ni zaidi ya nusu ya 65, kwa kiti kimoja bila kuongeza hata mmoja wa wale 12. Ndiyo maana babu alishangilia.

Kura hakupewa kila mtu. Ulihitaji kimoja tu kati ya haya: kujua kusoma na kuandika lugha yako, au kufikisha umri wa miaka 40, au kushika cheo fulani, au kipato cha pauni 75 kwa mwaka. Neno "lugha yako" ndilo lililofungua mlango, kwani mzee aliyesoma Kikikuyu au Kijaluo pekee aliingia.

Mkutano wenyewe karibu ufe siku ya kwanza kwa kipande cha karatasi. Waafrika, mwenyekiti wao Ronald Ngala na katibu Tom Mboya, walitaka Mbiyu Koinange aingie kama mshauri. Walowezi wakasema mtu huyo hapana, wakimhusisha na Mau Mau. Waafrika wakasusa kwa siku kadhaa. Suluhisho la Macleod lilikuwa la mcheza karata: Waafrika walipewa kibali kimoja cha ziada kisichoandikwa jina. Wao wangeandika wanalotaka, yeye asingekuwa ameliandika. Mwenye kibali hicho aliingia jengoni, lakini si kwenye chumba cha mkutano. Kila upande ukaenda kuwaambia watu wake kwamba umeshinda.

Walioumia ni walowezi wa siasa za wastani. Michael Blundell, aliyekubali mpango, aliporudi Nairobi alirushiwa miguuni vipande 30 vya fedha, kama Yuda. Mwaka uliofuata mpango uleule ulimwokoa. Mgombea wa kiti kilichotengwa alipaswa kwanza kupata walau asilimia 25 ya kura za watu wa rangi yake, ndipo apigiwe kura na wote. Blundell alivuka kizingiti hicho kwa shida, Wazungu wengi wakimtaka Cavendish-Bentinck. Kwenye daftari la wote, wapiga kura wa Kiafrika wakamwagia Blundell kura zaidi ya 20,000, mpinzani wake akaambulia kama 2,000.

Kilichokwama ni Kenyatta. KANU ilishinda viti 19 dhidi ya 11 vya KADU mwezi Februari 1961, ikakataa kuunda serikali mpaka Mzee aachiwe. Gavana Renison alikuwa amekwisha kumwita kiongozi wa kuelekea gizani na mautini, maneno ambayo yalimfunga yeye mwenyewe kuliko Kenyatta. KADU ikaunda serikali, na Gavana akalazimika kuiongezea wajumbe wa kuteuliwa ili isimame. Kenyatta akaachiwa Agosti 1961. Hapa Macleod alichelewa, na aliyekuwa akisifika kwa haraka alimwacha Gavana wake aongoze mwaka mzima.

Sahihisho dogo: Kenyatta hakuwepo Lancaster mwaka 1960. Picha zinazozunguka mitandaoni akiwa Lancaster ni za mikutano ya baadaye.

Nafanya biashara mpakani, wateja wangu wengi Wazambia. Mmoja aliniambia katiba ya kwao ya 1961 haikueleweka na mtu yeyote, na Macleod ndiye aliyeiandika. (Tunduma)

Mteja wako hakutia chumvi. Northern Rhodesia, Zambia ya leo, ilikuwa ndani ya Shirikisho la Afrika ya Kati, chini ya Roy Welensky, na Wazungu wake walikuwa na sauti nzito London. Macleod alitaka kuwapa Waafrika wingi bila kuutaja. Akabuni 15-15-15. Viti 15 vilichaguliwa na daftari la juu, la wenye mali na elimu, ambao wengi ni Wazungu. Vingine 15 na daftari la chini, la Waafrika. Vingine 15 vilikuwa vya kitaifa, vya kupigiwa kura na madaftari yote mawili, na mgombea asiyepata kiwango fulani cha kura kutoka kila rangi hakuhesabiwa mshindi, hata angewaacha wenzake mbali.

Ubovu ulikuwa kwenye kiwango hicho. Kikipandishwa kidogo, Waafrika wanakosa. Kikishushwa, Wazungu wanakosa. Kwa hiyo siasa yote ya nchi iligeuka ugomvi wa asilimia. Juni 1961 London ilikipindisha kwa kumridhisha Welensky, na majuma machache baadaye Kaskazini na Copperbelt zikawaka kwa ghasia za Cha-cha-cha. Mwaka 1962 Maudling akakirekebisha. Uchaguzi ulipofanyika Oktoba 1962, viti kadhaa vya kitaifa vilibaki wazi kwa kuwa hakuna mgombea aliyetimiza masharti. Katiba ambayo viti vyake havikaliki ni katiba mbovu.

Ugomvi huu ndio uliomharibia jina ndani ya chama. Tarehe 7 Machi 1961, Lord Salisbury alisimama katika Baraza la Malodi akasema Macleod ni mjanja kupita kiasi, na kwamba amewafanyia Wazungu wa Afrika kama mcheza bridge anavyomfanyia adui. Mtu mwingine angecheka. Kwa Waingereza wa tabaka lile, kuitwa mjanja ni kuambiwa huaminiki, na doa hilo halikumtoka.

Kwa nini Unguja na Pemba tuliachwa nyuma wakati bara walipewa? Macleod alituonaje? (Unguja, Ng'ambo)

Bara, London ilikuwa na chama kimoja cha kukabidhi. Visiwani ilikuta nusu kwa nusu. Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa na viti 22, idadi shufwa, na hilo lilikuwa kosa la kitoto. ASP (Afro-Shirazi Party) ilipata 10, ZNP (Zanzibar Nationalist Party) 9, ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) 3. ASP ilikipata Chake Chake kwa kura moja. Wabunge watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili ZNP, mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11 na serikali haikuundika. Dawa iliyotolewa ni kuongeza kiti cha 23 na kurudia uchaguzi Juni. Hapo ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3, na ghasia zilizoua watu 68.

Katika uchaguzi huo wa pili ASP ilikuwa na kura nyingi kuliko ZNP, lakini ushirika wa ZNP na ZPPP ukachukua serikali. Waziri aliyekuwa hodari wa hesabu za Kenya hakuona, au hakutaka kuona, kwamba Unguja tatizo halikuwa idadi ya viti bali namna majimbo yalivyokatwa. Kuongeza kiti kimoja kulihakikisha mshindi anapatikana. Hakukuhakikisha kwamba aliyeshindwa atakubali.

Na sisi Uganda? Mbona hamkututaja? (Kampala)

Mkutano wa katiba wa Uganda ulikaa Lancaster House kuanzia 18 Septemba 1961 ukafungwa 9 Oktoba, siku ileile Macleod alipoondoka Wizara ya Makoloni. Tarehe ya uhuru ilipangwa mwaka mmoja kamili mbele, 9 Oktoba 1962. Kitendawili cha nafasi ya ufalme wa Buganda ndani ya Uganda huru alimwachia Maudling.

Mtu mwenye akili hivi mbona hakuwa Waziri Mkuu? (Mombasa)

Kwa sababu tatu, na mbili alijitengenezea.

Oktoba 1961 Macmillan alimwondoa kwenye makoloni akamvika kofia mbili kwa pamoja, Kiongozi wa shughuli za serikali bungeni na Mwenyekiti wa chama. Kofia hizo hazikai kichwa kimoja: ya kwanza inataka asikilizane na wapinzani kuhusu ratiba, ya pili inataka awatukane kila Jumamosi majukwaani. Machi 1962 chama kikapoteza Orpington, jimbo lililodhaniwa la uhakika, na mwenyekiti ndiye anayebeba.

Oktoba 1963 Macmillan akaugua, akajiuzulu. Wakati ule Conservative hawakuwa na uchaguzi wa kiongozi. Wakubwa walipita wakiulizana faraghani, kisha jina likapelekwa kwa Malkia. Lord Dilhorne aliwauliza mawaziri mmoja mmoja, na kwenye orodha yake Macleod aliandikwa kama anayemtaka Lord Home. Macleod alikuwa akimuunga mkono Butler, naibu wa Macmillan. Mpaka leo wanahistoria wanabishana kama Dilhorne alisikia vibaya, au Macleod alicheza karata moja zaidi ya alizohitaji. Home alipochaguliwa, Macleod na Powell wakakataa kuwa mawaziri wake.

Angenyamaza, pengine angesamehewa. Badala yake akawa mhariri wa jarida la Spectator, na 17 Januari 1964 akachapisha simulizi nzima ya jinsi kiongozi alivyopatikana kwa mizengwe ya kikundi kidogo, akaonyesha kwamba wanane kati ya tisa waliohusika walisoma shule moja, Eton. Kila neno lilimchoma mtu ambaye angehitaji kura yake. Mwaka 1965 chama kilipoanza kupiga kura, wabunge wakampa Heath 150, Maudling 133, Powell 15. Macleod hakujisumbua kugombea.

Sababu ya tatu ni mwili. Heath aliposhinda uchaguzi Juni 1970 alimfanya Waziri wa Fedha. Akalazwa kwa upasuaji, akatoka, na usiku wa 20 Julai 1970 moyo ukasimama akiwa nyumbani kwake, namba 11 Downing Street. Alikuwa na miaka 56, na uwaziri ulikuwa na mwezi mmoja. Bajeti hata moja hakuisoma.

Wazazi wangu walihama Nairobi mwaka 1968, siku chache kabla mlango haujafungwa. Mama anamtaja Macleod kwa heshima. Alifanya nini? (Leicester, Uingereza)

Mfikishie mama salamu zetu. Jambo lenyewe lilikuwa la pasipoti. Sheria ya uhamiaji ya 1962 iliwazuia raia wa makoloni ambao pasipoti zao zilitolewa na serikali ya koloni. Kenya ilipopata uhuru 12 Desemba 1963, Waasia walipewa miaka miwili ya kuomba uraia wa Kenya. Ambao hawakuomba walikwenda Ubalozi wa Uingereza Nairobi, na pasipoti waliyopewa huko ilihesabika imetolewa na serikali ya London yenyewe. Kwa hiyo kizuizi cha 1962 hakikuwagusa. Kenya ilipobana vibali vya kazi na leseni za biashara mwaka 1967, wakaanza kuondoka kwa ndege zilizojaa.

Februari 1968 serikali ya Labour ikaleta muswada uliomtaka mwenye pasipoti hiyo awe na mzazi au babu mwenye uhusiano na Uingereza, ukapitishwa kwa siku chache. Duncan Sandys, Mhafidhina aliyesimamia uhuru wa Kenya, aliupigia debe na kudai hakuna ahadi yoyote iliyotolewa kwa Waasia. Macleod alimjibu hadharani kwenye Spectator: ahadi ilitolewa, ilikusudiwa, naye alikuwa ndani ya Baraza la Mawaziri. Akapiga kura ya hapana pamoja na Wahafidhina wachache. Majuma machache baadaye Powell, rafiki yake tangu ujana wa siasa, alitoa hotuba yake ya Birmingham dhidi ya wahamiaji, na urafiki ukaishia hapo.

Nilisoma zamani kwamba waziri mmoja wa Afya alitangaza sigara inaua huku anavuta. Ndiye huyu? (Morogoro)

Ndiye. Ilikuwa 12 Februari 1954. Alilieleza Bunge kwamba kamati ya washauri wa saratani imeridhika kuwa uhusiano kati ya sigara na saratani ya mapafu upo, na kwamba kampuni za tumbaku zimetoa pauni 250,000 za utafiti, jambo ambalo msomaji mwenye shaka atalipima mwenyewe. Kisha akawaita waandishi wa habari, akawasomea taarifa ileile na kujibu maswali, akiwasha sigara moja kwa moto wa nyingine mpaka mkutano ukaisha.